King'ora cha Duka la Anab

Jumatatu, 1 Septemba 2025 – Lodwar

Tumepata kazi! Narudia kuandika ili niamini: tumepata kazi. Mimi, Ebenyo, mwalimu mstaafu wa miaka sitini na moja, na Iqra wa miaka ishirini na miwili, aliyenishinda mtihani wa umeme kwa alama kumi na tisa. Kazi ya kwanza ya kampuni yetu! Kampuni yenyewe ni drili moja, bisibisi sita, na jina nililoliandika kwa mkono kwenye boksi la vifaa.

Tulisoma pamoja Kakuma miezi sita. Darasani tulikuwa ishirini na wanane, mimi peke yangu mwenye miwani ya kusomea. Siku ya kwanza nilipoingia wote walisimama. Walidhani mimi ndiye mwalimu. Nikakaa kiti cha nyuma, karibu na msichana mmoja wa Kisomali aliyekuwa akitengeneza redio chini ya dawati. Huyo ndiye Iqra.

Kazi ni ya Anab, mwenye duka la dawa Kakuma mjini. Mwezi wa saba, Ijumaa mchana, watu wakiwa msikitini na mtaa mzima umefungwa, wezi walivunja mlango wa nyuma wakabeba friji na insulini yote ndani. Wagonjwa wa kisukari walikaa siku tisa bila dawa. Mzee mmoja, Lochakapong, alifikishwa hospitali hajitambui. Alipona. Lakini Iqra anasema Anab hawezi kulizungumzia jambo hilo bila kushika kichwa. Sasa anataka king'ora cha nje, kikubwa, kisikike mpaka soko la mbuzi.

Nakal, mke wangu, ameuliza swali moja tu: "Baba Akaale, nani atapanda ngazi?"

Nikamwambia ni Iqra. Ni kweli nusu.

Na hili naliandika hapa tu: naogopa ngazi. Miaka thelathini na minne shuleni, mpira ukikwama juu ya bati nilimtuma mtoto.


Alhamisi, 4 Septemba – Lodwar

Kimefika! Kimekuja na basi kutoka Nairobi, kimefungwa kama yai. Nimekifungulia kitandani. Ni cheupe, kikubwa kama sufuria ya ugali wa watu kumi, na kina taa ya buluu tumboni. Ndani kina betri yake yenyewe, na hapo ndipo uhodari wake ulipo: mwizi akikata waya, kinalia. Akifungua kifuniko, kinalia. Akikibandua ukutani, kuna kitufe kidogo cha springi nyuma yake, kinaachia – kinalia!

Nimemwambia Nakal kitu hiki kina hasira kama marehemu mama yake. Hakucheka. Baadaye nimemsikia jikoni akicheka peke yake.

Nimesoma kitabu cha maelekezo chote kwa sauti. Kurasa za Kichina nimezitazama kwa heshima.


Jumamosi, 6 Septemba – Kakuma

Nimekuja na lori la samaki wakavu wa Kalokol. Dereva nilimfundisha darasa la tano, basi nikapewa kiti cha mbele, king'ora nimekipakata njia yote. Paka wa Kakuma wamenipokea kwa shangwe. Iqra amenusa, akasema, "Mwalimu, umetuletea supper?"

Duka la Anab liko kona ya barabara ya soko. Anab mwenyewe ni mama mnene wa maneno machache. Iqra humwita eddo, yaani shangazi, ingawa si ndugu. Ametuonyesha mlango wa nyuma: mbao mpya, kufuli tatu. Akasema kufuli hazipigi kelele, ndiyo shida yake. Sijawahi kusikia mteja akieleza kazi yetu vizuri hivyo.

Jirani yake Mohamedamin, muuza vitambaa, ametoka na kikombe chake cha chai kutuangalia. Akaniuliza yupi ni fundi. Nikamwonyesha Iqra. Akauliza tena, akidhani sikusikia. Nikamwonyesha tena. Akavuta kiti akakaa kabisa, kama mtu aliyekata tiketi.

Iqra amechagua mahali: ukuta wa magharibi, unaotazama barabara, juu kabisa chini ya paa, ambapo hapafikiki bila ngazi. Ngazi tumeazima kanisani. Akachomeka ncha za mtandio ndani ya kola, akapanda, akatoboa matundu manne – brrr! – vumbi likamshukia Mohamedamin kwenye chai. Hakuhama.

Halafu ikawa lazima mimi nipande. Mmoja wetu avute waya ndani ya dari, mwingine aupokee juu. Ndani ya dari siingii, tumbo limekataa. Basi nikapanda. Ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Ya tano nikakwama. Nikaikumbatia ngazi, jasho likidondoka.

Iqra alikuwa ameshausukuma waya kutoka darini, akatoka akasimama chini. Hakucheka, wala hakuniambia nisiogope. Aliniuliza tu, "Mwalimu, unaona nini hapo mbele?"

"Ukuta."

"Basi angalia huo ukuta. Mimi nimeshika, sitoki. Sasa kuna waya unachungulia kwa tundu. Nisomee rangi."

Nikasoma: nyekundu. Nyeusi. Ya tatu siioni vizuri, nikasogea juu kidogo. Njano. Ya nne nikasogea tena. Nyeupe. Nikajikuta juu kabisa, pua yangu chini ya paa!

Nimekaa huko dakika ishirini zaidi ya zilizohitajika. Kumbe Kakuma yote inaonekana: mabati yanayometa, mbuzi kwenye laga, ule mto mkavu, ndege ikielekea Lokichoggio. Mimi! Huko juu!


Jumapili, 7 Septemba – Kakuma

Mapaja yanauma. Kanisani nimekaa nikiangalia dari muda wote wa mahubiri, nikifikiria pa kupitishia waya. Mungu anisamehe.


Jumatatu, 8 Septemba – Kakuma

Leo. Nianzie wapi! Masikio bado yanalia.

Asubuhi Iqra alifunga paneli ndani ya duka, sensa za milango miwili, na moja ya chumba cha friji. Mimi juu, nafunga waya nne kwenye king'ora. Mbili ni za umeme, moja ya kukiamuru kilie, moja ya kulinda kifuniko. Nilikuwa naimba. Hapo ndipo shetani anapopitia.

Kitabu kinasema: betri mwisho kabisa. Nilikisoma kwa sauti! Nilimsomea mpaka Nakal! Nami, kwa raha zangu, waya wa umeme ukiwa bado unaning'inia hewani, nikachomeka betri.

King'ora kikaona hakina umeme. Kikaamini kimekatwa na mwizi. Mwizi ni mimi.

Sijui niandike vipi sauti ile. Haikuingia kwa masikio, iliingia kwa meno. Taa ya buluu ikinipiga usoni. Bisibisi ikaanguka. Mbuzi wakatimua mbio. Mohamedamin akatoka mbio na fimbo ya kupimia vitambaa. Kon, dereva mmoja wa boda kutoka Sudan Kusini, akaacha abiria wake katikati ya barabara akaja mbio na helmeti mkononi. Wanawake wa mkaa, vijana wa kinyozi, mpishi wa mikate ya anjera na unga mikononi – soko zima limejaa chini yangu, nami juu nimekumbatia kitu kinachopiga kelele.

Iqra alitoka akisema kitu. Sisikii. Akarudia. Sisikii! Basi akafanya kama walimu wa chekechea: akainua mikono, akaonyesha kidole kimoja, akaigiza kushika kitu kidogo, akavuta. Chomoa! Nikachomoa.

Kimya. Halafu makofi! Watu wamenipigia makofi. Kon akasema, "Mzee, hii kitu nalia sana. Mimi nafikiri vita." Anab akasimama mlangoni, mkono kifuani, akasema taratibu, "Wallahi, hicho ndicho nilichokuwa nataka."

Nikaweka waya wa umeme, kisha betri. Kikatulia kama mtoto aliyenyonya. Iqra akajaribu kwa namba za siri: akakiwasha, akafungua mlango wa nyuma, kikalia. Akaandika namba, kikanyamaza. Mara tatu. Kinafanya kazi! Tumekunywa chai ya maziwa ya ngamia kwa Mohamedamin, bure. Sasa ananiita "fundi mdogo". Nimelikubali jina.


Jumanne, 9 Septemba – Kakuma

Shida. Saa nane mchana kimelia chenyewe. Hakuna mwizi, hakuna mlango uliofunguliwa. Wateja wamekimbia, mama mmoja ameacha dawa ya mtoto kaunta, Anab akamfuata nayo barabarani. Tukakinyamazisha. Saa tisa unusu – tena! Soko likaja mbio tena, safari hii wengine wakitembea tu.

Kon ameniambia bila ubaya: kikilia mara ya tatu bure, ya nne hatakuja. Amenena. King'ora kisichokimbiliwa na mtu ni kelele tu.

Anab ametuita ndani. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Amesema Ijumaa ndiyo anayoiogopa. Kama mpaka Ijumaa bado kinadanganya, tukishushe.

Iqra hajala. Amekagua kila waya. Zote nzima.


Jumatano, 10 Septemba – Kakuma

Tumejua! Tumejua, tumejua!

Asubuhi kilikuwa kimya. Iqra amesema, hebu tukae tukitazame tu kama mbuzi wa kuzaa. Tukaweka viti kando ya barabara. Saa nne kimya. Saa sita kimya. Saa saba jua likavuka paa, likaupiga ukuta wa magharibi. Saa nane na dakika tano – kikalia.

Iqra akanyamazisha. Mimi nimebaki nikiangalia ule mstari wa kivuli ukutani. Na ghafla nikasikia sauti yangu mwenyewe ya zamani, sayansi darasa la saba, lile jaribio la tufe la chuma na pete: chuma kikipata joto hufanyaje? Na watoto hamsini wakijibu kwa wimbo: kinapanukaaa!

Nikapanda ngazi. Naandika kama jambo dogo, lakini nilikuwa juu kabla sijakumbuka kuogopa. Nikagusa kile kisanduku cha bati cha king'ora – moto! Nikachungulia nyuma yake. Plasta ya ukuta ina mabonde. Kile kitufe cha springi kinachojua kama kisanduku kimebanduliwa kimesimama juu ya bonde, kimegusa ukuta kwa ncha tu. Jua likipiga, kisanduku kinavimba, kinajivuta nje upana wa ukucha. Kitufe kinaachia. King'ora kinaamini kinaibwa!

Nikapiga kelele kuliko king'ora: "Iqra! Ni joto! Kinapanuka!"

Hakukubali tu eti kwa kuwa mimi ni mwalimu. Ndiyo maana nampenda huyu mtoto kama wangu. Alipanda mwenyewe, akakunja kipande cha boksi la dawa, akakichomeka nyuma ya kitufe, akashuka, akasema tungoje. Tumengoja mpaka saa kumi na moja kwenye jua la kuchemsha yai. Kimya. Kimya! Akanigeukia akicheka, meno yote nje: "Mwalimu, leo umenipita. Alama moja."

Imebaki kumi na nane.

Tumeenda kwa Reath, fundi wa kuchomelea. Anatukatia bamba la chuma lililonyooka, likae kati ya king'ora na ukuta, na kibati cha kukitilia kivuli. Reath ameuliza kama kile kitu pia kinahitaji godoro.


Alhamisi, 11 Septemba – Kakuma

Bamba limefungwa asubuhi. Saa nane – kimya. Saa tisa – kimya. Saa kumi Iqra amecheza kidogo barabarani, hatua mbili tu, akajifanya anakung'uta vumbi. Sijawahi kufurahia kutosikia kitu namna hii.

Jioni tumezunguka maduka yote, moja moja, kuwaeleza wenyewe kwamba kimepona. Kikilia sasa ni kweli. Kon amesema sawa, lakini anatupa mara moja tu.


Ijumaa, 12 Septemba – Kakuma

Niandike haraka kabla sijasahau mpangilio.

Saa sita na nusu maduka yamefungwa. Anab ameenda nyumbani, Mohamedamin na wenzake msikitini. Mtaa mtupu. Mimi na Iqra tuko kibanda cha chai cha mama mmoja wa Kongo, ng'ambo ya barabara. Iqra alitakiwa kuwa nyumbani lakini amekataa kuondoka. Nimekula maandazi manne bila kujua.

Saa saba na dakika kumi – kikalia.

Tumetazamana. Sekunde moja nzima. Niliona machoni mwake kile kile kilichokuwa machoni mwangu: Mungu wangu, kimedanganya tena. Halafu nikaangalia lile bamba na kibati chake – kivuli kizuri, jua ndiyo kwanza linavuka paa. Nikasema, "Si joto."

Tukakimbia. Mimi! Mbio! Tulipofika kona ya nyuma, wanaume wawili walikuwa wanaruka ua wa miba. Mmoja amevaa kandambili moja, nyingine imebaki kwenye miba. Mlango umefunguka nusu, mtaimbo umetupwa chini. Ndani hawakuingia hata hatua moja.

Na watu walikuja! Hili ndilo nataka kulikumbuka nikizeeka zaidi. Walikuja wote. Kon wa kwanza, na pikipiki yake, akapitiliza akiwafuata upande wa laga. Msikiti ulipotoa watu, Mohamedamin akaja peku, viatu kavisahau. Hakuna aliyetembea. Kon aliwapoteza kwenye vichaka, lakini amewaona sura, na polisi wameandika maelezo yake, na mtaimbo wamechukua.

Anab amefika anahema. Hakutazama mlango. Amepita moja kwa moja kwenye friji, akaifungua, akahesabu vichupa kwa kidole. Vyote. Akafunga friji, akaweka paji la uso kwenye mlango wake, akakaa hivyo. Iqra akamshika bega. Alipogeuka alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, akamwambia Iqra maneno ya Kisomali ambayo sikuelewa, naye Iqra akaficha uso kwa mtandio. Nimeuliza amesema nini. Hajaniambia.

Alasiri mzee Lochakapong amekuja kuchukua dawa yake kama kawaida. "Ejok," akatusalimu. Akauliza mbona leo watu wengi. Akapewa kichupa chake, akaenda zake. Basi. Hiyo ndiyo kazi yetu: mzee aje, achukue, aende zake.


Jumamosi, 13 Septemba – Kakuma

Simu! Mohamedamin alitupiga video, sijui lini, imezunguka mpaka Lodwar. Bwana Kipkemboi, msimamizi wa majengo wa shule moja ya bweni ya wasichana pale kwetu, anataka ving'ora vinne. Vinne! Mabweni mawili, stoo, na maabara. Tuanze Jumatano.

Nimerukaruka. Iqra hakuruka. Alikuwa anafunga vifaa, akafunga bisibisi moja moja.

Nikakumbuka, na nikaona aibu. Yeye alizaliwa hapa Kakuma, wazazi wake wakimbizi. Kutoka nje ya Kakuma anahitaji kibali. Hajawahi kufika Lodwar. Saa chache tu kwa gari, na hajawahi! Ameniuliza kama ni kweli mto wetu una mikoma pande zote mbili. Nimemwambia ni kweli. Akasema, "Mwalimu, wewe nenda uanze. Ukikwama nipigie video."

Nimeomba karatasi kwa Anab nikaandika barua ya kampuni, kwa mwandiko wangu wa ubaoni, kwamba fundi mkuu wetu anahitajika kazini Lodwar. Ikabaki muhuri. Muhuri wa kampuni hatuna. Anab amepiga wa duka la dawa, chini ya jina lake, kama shahidi. Jumatatu Iqra ataipeleka ofisi ya vibali.


Jumatatu, 15 Septemba – Lodwar

Nimerudi. Nimemweleza Nakal yote, na ngazi pia, maana video ameshaiona. Akasema, "Kumbe ulikuwa unaimba huko juu." Akaenda kuniwekea maji ya kuoga.

Bwana Kipkemboi ameniita kupima kuta. Anauliza kwa nini nisianze mwenyewe, si nimeonekana kwenye video nikiwa juu? Kwa dakika moja, ninakiri, nimejiona: mimi, ngazi, ving'ora vinne, peke yangu. Ningeweza. Labda ningeweza. Nimemwambia fundi yuko njiani.

Iqra: barua imepokelewa. Ataambiwa kesho.


Jumanne, 16 Septemba – Lodwar

AMEPATA! Siku saba! Nimepiga kelele, majirani wamekuja kuuliza kuna msiba gani. Nakal anachinja kuku.


Jumatano, 17 Septemba – Lodwar

Saa nne na robo. Niko getini shuleni, nimekaa juu ya boksi la vifaa. Ngazi imeegemea ukuta. Wasichana wanachungulia madirishani kuona hao mafundi. Nimewaahidi wataona kitu.

Iqra alitoka saa kumi na mbili na nusu. Alituma ujumbe kila kilomita: ngamia! kilima! Mwalimu, barabara haina mwisho! Halafu kimya cha nusu saa.

Saa nne na ishirini. Ujumbe: wamesimamishwa kwenye kizuizi. Wote wameruhusiwa kurudi kwenye gari isipokuwa yeye. Afisa anasoma kibali.

Saa nne na arobaini. Bwana Kipkemboi amekuja, ameangalia saa, akasema kwa upole labda tuanze na bweni moja. Nimesema bado.

Saa tano kasorobo. Simu ya Iqra, lakini sauti ya mwanaume. Afisa. Mstaarabu. Anauliza kama barua hii niliiandika mimi. Nimesema ndiyo, kila herufi. Anauliza mbona ina muhuri wa duka la dawa. Nimemweleza, nadhani kwa urefu kupita kiasi, nimefika mpaka tufe na pete. Akanikatiza: "Mzee, wewe si mwalimu? Si umesomea umeme? Kwa nini usifanye kazi mwenyewe?"

Nimesema, "Kwa sababu fundi ni yeye."

Akasema nisikate, ningoje.

Sijakata. Simu iko juu ya goti, spika wazi. Nasikia lori likipita. Upepo. Nasikia karatasi ikikunjuliwa tena, na sauti ya Iqra, karibu kabisa na simu, inamweleza afisa kwa nini betri huwekwa mwisho. Naye anamuuliza swali, si la kibali, ni la king'ora.